Taichi: mwendo wa polepole unaowakinga wazee wasianguke

Wengi wetu tukitajiwa mazoezi ya viungo hukumbuka mchakamchaka wa shuleni: alfajiri, baridi, wimbo, na mwalimu akikimbia nyuma ya mstari na fimbo yake kuwahimiza waliochoka. Kwa ajili ya kumbukumbu hiyo tumejijengea imani kwamba zoezi lisilomtoa mtu jasho na kumkata pumzi si zoezi, bali ni njia ya kupotezea wakati. Ndiyo maana mtu mzima aliyekwisha kuvuka miaka sitini, mwenye magoti yanayouma na shinikizo la damu, akiambiwa na daktari wake afanye mazoezi huitikia kwa adabu, kisha hurudi nyumbani akakaa. Hajui aanzie wapi. Kukimbia hawezi, na akionekana anaruka kamba uani majirani watadhani amerukwa na akili.

Juma hili, ndugu msomaji, tunazungumzia zoezi lisilo na mbio wala kuruka, lisilohitaji kiwanja, mpira, wala viatu vya bei kubwa. Jina lake ni taichi, au kwa ukamilifu wake wa Kichina, taijiquan. Mtu husimama, hupinda magoti kidogo, huhamisha uzito wake kutoka mguu mmoja hadi mwingine, na mikono yake huzunguka mbele ya kifua polepole mno hata mpita njia huweza kudhani kwamba yumo ndani ya maji. Ni hayo tu. Lakini kabla ya kulieleza zoezi lenyewe, yafaa kwanza tuseme ni balaa gani linalokingwa nalo.

Balaa hilo ni kuanguka. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu 684,000 hufa kila mwaka duniani kwa sababu ya kuanguka, na zaidi ya asilimia 80 kati yao wamo katika nchi zenye kipato cha chini na cha kati, yaani nchi kama zetu. Katika vifo vitokanavyo na ajali, ni ajali za barabarani peke yake zinazozidi hapo. Wanaokufa kwa wingi ni watu waliopita umri wa miaka 60. Tena hao ni waliokufa; hesabu hiyo haimtaji bibi aliyevunjika nyonga akabaki kitandani, wala babu aliyepona mkono lakini hakupona moyo.

Nasema hakupona moyo kwa sababu kuanguka mara moja huleta maradhi ya pili yasiyoandikwa katika cheti cha hospitali, nayo ni hofu. Mzee aliyeteleza bafuni, au aliyejikwaa kizingitini usiku akienda msalani, huanza kuyaogopa mapaja yake mwenyewe. Hupunguza safari. Huacha kwanza kwenda sokoni, kisha msikitini au kanisani, kisha hata barazani hatoki mpaka ashikwe mkono. Kwa kuwa hatembei, misuli ya miguu hunyauka. Kwa kuwa misuli imenyauka, mwili huyumba. Na kwa kuwa mwili unayumba, huanguka mara ya pili. Basi hofu iliyokusudiwa kumlinda ndiyo inayomwangusha.

Na hapa sisi tulio bado na nguvu, kwa nia njema kabisa, tunaongeza mzigo. Mama akinyanyuka kufuata maji tunamwambia, “Mama kaa, tutakuletea.” Baba akitaka kwenda dukani tunamwambia, “Baba pumzika, mtoto atakwenda.” Hata ufagio ukidondoka hatumwachi ainame kuuokota. Hiyo ni heshima tuliyolelewa nayo, na sikusudii kuibeza. Lakini mguu wa binadamu hauijui heshima. Unaijua kazi tu, na ukinyimwa kazi kwa miezi sita hujiuzulu. Mimi naamini kwamba katika nyumba nyingi wazee wetu wanadhoofishwa na mapenzi ya watoto wao zaidi kuliko na umri wao.

Sasa turudi kwenye taichi. Zoezi hili lina kwao. Katika jimbo la Henan nchini Uchina, wilayani Wen, kuna kijiji kiitwacho Chenjiagou, maana yake bonde la ukoo wa Chen. Wanahistoria wengi humtaja Chen Wangting, askari wa karne ya 17 aliyerudi kijijini kwao, kuwa ndiye aliyekusanya mbinu za kupigana za wakati wake akaziunganisha na mafunzo ya kuvuta pumzi. Naam, kupigana. Neno “quan” lililo mwishoni mwa jina la zoezi hili maana yake ni ngumi. Ukoo wa Chen uliitunza elimu hiyo kama watu watunzavyo dawa ya ukoo, mpaka karne ya 19 alipokuja kujifunza kwao mtu wa nje, Yang Luchan, ambaye baadaye alikwenda Beijing akafundisha huko na kupata sifa ya mpiganaji asiyeshindika. Mjukuu wake, Yang Chengfu, aliyefariki mwaka 1936, ndiye aliyeifanya miondoko iwe mipana, laini na ya mwendo mmoja tangu mwanzo hadi mwisho, hata watu wasiotaka kupigana na mtu wakaweza kujifunza kwa ajili ya afya zao.

Hatua kubwa zaidi ilikuja mwaka 1956. Mtindo wa zamani wa akina Yang una miondoko zaidi ya themanini ukihesabu inayorudiwa, na mtu wa kazi hana muda wa kuikariri yote. Kamati ya Michezo ya serikali ya Uchina iliwakutanisha walimu, nao wakachagua miondoko 24 iliyo rahisi na kuipanga ili mtu aimalize kwa dakika tano au sita hivi. Kwa mpango huo zoezi likatoka mikononi mwa koo chache likaingia viwandani, shuleni na katika bustani za miji. Mnamo Desemba 2020, UNESCO iliiandika taijiquan katika orodha yake ya urithi wa utamaduni wa binadamu.

Mahali pazuri pa kuiona ni bustani ya Hekalu la Mbinguni mjini Beijing. Hekalu hilo lilimalizika kujengwa mwaka 1420 kwa ajili ya ibada za wafalme, na likafunguliwa kwa wananchi wote kuwa bustani mwaka 1918. Asubuhi na mapema, chini ya miti ya kale, hufika wastaafu na mifuko yao ya kitambaa. Wengine huja na panga za mazoezi zisizo na makali, wengine na vipepeo vya mkononi, wengine na ndege katika vitundu. Huyatundika mabegi yao mitini na kuanza. Hakuna anayepuliza filimbi. Mgeni akitaka husimama nyuma ya kundi na kuiga, na aghalabu hakuna atakayemwuliza lolote.

Miondoko yenyewe ina majina ambayo mtu wa pwani apendaye mashairi atayafurahia. Upo uitwao korongo mweupe akunjua mbawa. Upo wa kugawanya manyoya ya shingo ya farasi-mwitu. Upo wa mikono kama mawingu. Tena upo wa kumrudisha tumbili nyuma, ambao mtu huufanya akirudi kinyumenyume hatua kwa hatua. Majina hayo hayakuwekwa kwa ajili ya urembo. Mzee wa miaka 70 ukimwambia ainue kiganja cha kulia kufikia usawa wa paji la uso na ateremshe cha kushoto kufikia usawa wa nyonga, atachanganyikiwa. Ukimwambia afanye kama korongo anayekunjua mbawa, mwili wake huelewa.

Je, zoezi la namna hii lina faida kweli, au ni hadithi tu? Swali hilo wataalamu wameliuliza kwa bidii, na majibu yao yanastahili kusomwa kwa makini. Katika jimbo la Oregon, Marekani, watafiti walichukua watu 670 wenye umri wa miaka 70 na zaidi, ambao ama walikwisha kuanguka katika mwaka uliotangulia ama walikuwa na shida ya kutembea. Waliwagawa katika makundi matatu: la taichi, la mazoezi mchanganyiko ya nguvu na usawa wa mwili, na la kunyoosha viungo tu. Kila kundi lilikutana mara mbili kwa juma, saa moja kila mara, kwa majuma 24. Matokeo yalichapishwa mwaka 2018: kundi la taichi lilipata maanguko machache kwa asilimia 58 kuliko kundi la kunyoosha viungo, na kwa asilimia 31 kuliko lile la mazoezi mchanganyiko. Nakiri kwamba hesabu za jumla ni za unyenyekevu zaidi. Mapitio makubwa ya mwaka 2019, yaliyounganisha majaribio mbalimbali, yaliona kwamba taichi hupunguza maanguko kwa kiasi cha asilimia 19, na waandishi wenyewe wakaonya kwamba ushahidi huo si imara sana. Hata hivyo, tafadhali nionyeshe kidonge kinachopunguza kuanguka kwa kiasi hicho bila kugharimu senti.

Kuhusu magoti, jaribio la watu 204 wenye ugonjwa wa kulika kwa maungio ya goti, lililochapishwa Marekani mwaka 2016, lililinganisha taichi na tiba ya viungo ya hospitalini. Baada ya majuma 12 wote walipata nafuu ya maumivu, na makundi hayo mawili hayakupishana sana. Na kuhusu shinikizo la damu, watafiti wa Beijing waliwafuata kwa mwaka mzima watu 342 ambao shinikizo lao lilikuwa limeanza kupanda lakini halijafikia kiwango cha ugonjwa. Taarifa yao ya mwaka 2024 yasema kwamba kipimo cha juu kilishuka kwa milimita 7 hivi za zebaki kwa waliofanya taichi, na chini ya milimita 5 kwa waliofanya mazoezi ya kawaida ya kukimbia taratibu, baiskeli na mengineyo. Aliyedharau mwendo wa polepole na azitazame tarakimu hizo mara mbili.

Sababu yake si muujiza. Unapotembea kwa haraka, mguu mmoja huubeba mwili wote kwa kitambo kidogo sana, kisha mwingine hupokea. Ukiifanya hatua ileile kwa sekunde tano au sita, paja hulazimika kubeba mzigo wakati huo wote, kifundo cha mguu hurekebisha mizani kwa misogeo midogo isiyoonekana, na ubongo hupata nafasi ya kusikiliza habari zitokazo nyayoni. Msomaji asiyeamini na asimame sasa hivi, ainue mguu mmoja taratibu, auweke mbele bila kuutupa, na auhamishie uzito wote kwa hesabu ya sita. Atalisikia paja lake.

Darasa la wanaoanza halina mambo mengi. Mfano unaojulikana sana ni ule wa Dakta Paul Lam wa Sydney, Australia, aliyesumbuliwa na maumivu ya viungo tangu ujana wake akaligeukia zoezi hili. Mwaka 1997, pamoja na wenzake, alitunga mpango wa miondoko 12 kwa ajili ya wenye maradhi ya viungo. Aliutegemeza kwenye mtindo wa mwalimu Sun Lutang, aliyefariki mwaka 1933, kwa kuwa katika mtindo huo mtu husimama wima zaidi, na mguu mmoja ukisonga mwingine hufuata nyuma yake, hivyo goti halibebeshwi mzigo mzito. Madarasa ya namna hiyo hufanywa katika kumbi za jumuiya, katika maktaba na katika vituo vya wazee. Watu kumi hadi ishirini hutosha. Mwalimu husimama mbele akiwapa mgongo, ili kulia kwake kuwe kulia kwao, na nusu ya saa ya kwanza huisha kwa kupasha viungo moto na kujifunza kusimama tu.

Kusimama kuna masharti yake. Nyayo ziachane kwa upana wa mabega, vidole vikielekea mbele. Magoti yalegezwe, yasikazwe. Mgongo uwe wima kama wa mwanamke aliyejitwisha mtungi, mabega yateremke, kidevu kirudi nyuma kidogo. Kisha mikono inainuliwa mbele polepole mpaka usawa wa mabega huku pumzi ikiingia kwa njia ya pua, halafu inateremka magoti yakipinda kidogo huku pumzi ikitoka. Huo ndio mwondoko wa kwanza katika ile 24 ya mwaka 1956, na anayeanza aweza kuurudia juma zima bila haya. Akichanganyikiwa kuhusu pumzi, aiache pumzi ijiendee yenyewe, itafuata baadaye.

Jambo moja lapasa kusisitizwa, kwa kuwa ndilo linaloleta madhara. Goti lielekee daima upande uleule vinavyoelekea vidole vya mguu huo, na lisipite mbele ya vidole. Mtu akitaka kugeuka, ageuze kwanza unyayo, si kulipindua goti juu ya unyayo uliosimama. Wala asishuke chini sana kwa kuiga vijana wanaoonyeshwa katika filamu. Maumivu ya misuli iliyofanya kazi ni ya kawaida. Maumivu ya ghafla ndani ya goti ni amri ya kuacha. Mwenye kizunguzungu, aliyevunjika mfupa karibuni, au mwenye ugonjwa wa moyo, amwone kwanza daktari. Na dawa za shinikizo zisiachwe hata kidogo kwa sababu mtu amejiona mwepesi. Kipimo cha zahanati ndicho kitakachosema.

Hapa pana haja ya kuonya pia juu ya maneno. Wachina hueleza kwamba mwilini mna nguvu ya uhai iitwayo chi, nayo hupitishwa na mazoezi haya mahali ilipoziba. Mwenye kupenda lugha hiyo na aitumie, ni lugha ya kale na ina uzuri wake, lakini hakuna chombo kilichokwisha kuipima nguvu hiyo. Wapo walimu wanaokwenda mbali zaidi na kudai kwamba taichi huponya saratani, au kwamba wao huweza kumwangusha mtu bila kumgusa. Mwaka 2017, mjini Chengdu, mpiganaji wa mchezo wa ngumi mchanganyiko, Xu Xiaodong, alimkabili mwalimu mmoja wa taichi mbele ya watu na akamlaza chini kwa muda usiofika nusu dakika. Kelele zilikuwa kubwa nchini Uchina. Kwangu mimi pambano lile halikuipunguzia taichi chochote, kwa maana bibi anayetaka kufika msalani salama hana haja ya kumpiga mtu.

Kuna faida nyingine ambayo haihesabiki kwa urahisi, nayo ni utulivu. Mtu anayelazimika kukumbuka mguu upi una uzito, mkono upi unapanda na macho yatazame wapi, hana nafasi ya kufikiria deni la ada au kijana asiyeandika barua. Kwa dakika ishirini mawazo hukaa pembeni, na mara nyingi usingizi wa usiku ule huwa mzuri zaidi. Katika jaribio moja la California lililochapishwa mwaka 2017, wanawake 90 waliopona saratani ya matiti na waliokosa usingizi waligawanywa: wengine wakapewa tiba ya mazungumzo inayoaminiwa na madaktari, wengine wakafundishwa taichi kwa miezi mitatu. Baada ya mwaka na zaidi, karibu nusu ya kila kundi walikuwa na nafuu ya dhahiri.

Anayetaka mwalimu na aulizie kwanza kwenye taasisi za Confucius zilizomo katika vyuo vikuu, kwa mfano ile ya Chuo Kikuu cha Nairobi iliyoanza mwaka 2005, na ile ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam iliyoanza mwaka 2013, au awaulize wataalamu wa tiba ya viungo hospitalini. Asipopatikana mwalimu, watu watano wa mtaa mmoja waweza kukutana uani mara mbili kwa juma na kufanya yale mawili tuliyoyaeleza: kuinua na kuteremsha mikono, na kuhamisha uzito kwa hesabu ya sita. Wachague saa ya asubuhi kabla jua halijakuwa kali, mahali palipo sawa pasipo mchanga wa kuteleza, na wavae viatu vyenye soli nyembamba visivyovuka mguuni, si kandambili. Asiyeweza kusimama aanze akiwa kitini, nyayo zikiwa sakafuni, akiinua mikono vivyo hivyo na kuhamisha uzito kutoka paja moja hadi jingine; madarasa mengi ya ng'ambo yana safu nzima ya watu wa namna hiyo.

Na kwa majuma ya mwanzo, mjukuu mmoja asimame kando ya bibi, umbali wa mkono mmoja. Asimshike.